Mshahara Chini ya Kawa

Nahodha Athman alisema nitamfundisha punda kusoma kabla sijamfanya mtu mmoja wa visiwa hivi ataje mshahara wake. Aliyasema hayo gatini Amu, mbele ya abiria, mguu mmoja ndani ya boti na mwingine nchi kavu, na alicheka mpaka karibu aanguke majini. Bwana Aboud, mweka hazina wa chama chetu cha wafanyakazi wa nyumba za wageni, alisema hata nikifaulu nitaletewa uongo mtupu. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa, akasema, "Bwana Omari, mimi ni mkeo miaka yote hii na sijui ulikuwa ukipata ngapi. Hao wa gatini ndio watakaokwambia?"

Basi niliweza. Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi katika nyumba za wageni, wapishi, wasimamizi na manahodha, ili mjue nilivyoweza, na kwa nini nilikataa pale wenzangu walipotaka kuwauzia wanachama kile tulichokipata kwa wanachama wenyewe. Nasikia swali hili limefika hata kwenye vyama vya wahasibu na wahandisi huko bara. Chama kikishafanya utafiti wa mishahara, kiwatoze wanachama ndipo wauone, au kiwape? Wao wana wasomi wa kuwajibu. Nyinyi mna mimi, na mna bahati.

Kwa asiyenijua, niliondoka Amu na mkoba mmoja, nikaenda Maskati kuosha masufuria. Nikapanda kutoka masufuria hadi jiko, kutoka jiko hadi ukumbi. Niliporudi sikununua pikipiki wala sikujenga ghorofa la kuwaonyesha watu. Nilikwenda Mombasa kusoma usimamizi wa hoteli, darasani na watoto walioniita baba, nikapata stashahada. Imetundikwa sebuleni kwangu kuelekea mlango, na mgeni hana njia ya kutoiona. Kisha nikasimamia nyumba ya wageni pale Ras Kitau, ng'ambo ya pili ya maji, mpaka nilipostaafu. Sikusukumwa na mjomba wala shangazi.

Ustadi wa kuulizia mshahara sikuupata darasani, ingawa darasani nilikuwa wa kwanza. Nilifunzwa Maskati na mzee mmoja Mpemba, Salum, mpishi mkuu wetu. Nilipopandishwa kutoka masufuria, tajiri aliniuliza nataka kiasi gani. Nikataja kile nilichokuwa nikikiota tangu Amu, naye akanipa mkono haraka sana. Nikatoka nimevimba kama andazi. Salum akaniuliza, "Alikupa mkono kabla hujamaliza kusema, au baada?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa bado nasema.

"Basi umejiuza rahisi. Aliyekutangulia alikuwa akilipwa ngapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimeona haya kuuliza. Salum akaniambia jambo ambalo nimelitumia mpaka leo. Usimuulize mtu anapata nini, maana hapo umemvua nguo. Muulize aliyemtangulia alikuwa akipata nini. Habari za mwingine mtu huzitoa kwa raha, na akishazitoa huongeza mwenyewe, "na mimi wakaniongeza kidogo." Hapo umeshapata mbili kwa swali moja. Jaribuni, mtaniombea dua.

Somo la pili nililipata Ras Kitau, na hili ni langu mwenyewe. Mshahara wa mwezi ni nusu tu ya habari. Mvua kubwa zikianza wageni huondoka na nyumba nyingi hufungwa. Kuna tajiri anayewalipa watu wake miezi hiyo, kuna anayewapa nusu, na kuna anayewaambia "tutaonana inshallah." Kuna anayelipa boti ya kuvuka kutoka Shela, na kuna ambaye ukivuka ni kwa mfuko wako. Kuna bakshishi inayogawanywa kwa wote jikoni, na kuna inayoishia mfukoni mwa aliyebeba mizigo. Nimewaona wapishi wakihama nyumba kwa kufuata mshahara mkubwa, mvua ikaanza, wakarudi kwa tajiri wa kwanza wakiwa wapole sana. Kwa hiyo mkiuliza, ulizeni mwaka mzima.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Nilikuwa nimeshastaafu, na chama kikanichagua katibu kwa sababu nina muda na stashahada. Nikapendekeza tuwaulize wanachama wote, kuanzia Amu na Shela mpaka ndugu zetu wa Pate, kila mmoja analipwa nini kwa kazi gani, tuyapange majibu, ili mtu anapokaa na tajiri asikae kipofu. Wakakubali kwa sababu hawakudhani itafanyika.

Duru ya kwanza iliharibika, na iliharibika kwa namna ambayo ni sisi tu tungeweza kuiharibu. Nyinyi mnatujua. Mtu wetu ukimuuliza riziki yake atakwambia, "Alhamdulillah, twala." Akiwa amejenga ghorofa tatu, twala. Anaogopa husuda, na kwa haki kabisa, maana jicho la jirani lipo. Kama haitoshi, Bwana Aboud alisimama kabla sijaanza kuuliza akatangaza kwamba huenda ada ya chama ikapangwa kulingana na mshahara. Aboud ni mtu mwaminifu kuliko wote ninaowajua, na ulimi wake ni mwaminifu vilevile. Kinachopita kichwani kinapita mdomoni.

Mkutano uliofuata nikasoma matokeo. Kwa mujibu wa matokeo hayo, wapishi wakuu wa Ras Kitau walikuwa wakilipwa chini ya mtu anayebebesha punda mchanga. Manahodha walikuwa karibu wastahili zaka. Nahodha Athman, yeye anatoka Pate na huendesha boti ya nyumba moja kubwa, akasimama akajishika kifua.

"Bwana katibu, kumbe mimi ni maskini namna hiyo? Basi wale wake wawili nimewaoa kwa dua."

Watu wakacheka mpaka kikao kikavunjika. Aboud akaniinamia akasema, "Nilikwambia. Uongo mtupu." Nikamwambia uongo ule ameuzaa yeye.

Mtu mwingine angeacha. Mimi nilikwenda kwa Bi Mwanaisha.

Bi Mwanaisha ni mpishi wa nyumba moja pale Ras Kitau, na nasema bila kupepesa macho kwamba hakuna mkono kama wake kutoka Shela mpaka Faza. Wakati ule alikuwa na shughuli yake. Nyumba ile ilikuwa imepata tajiri mpya, na tajiri mpya alitaka kila mtu atie saini mkataba mpya. Bi Mwanaisha aliambiwa aje Jumatatu. Hakujua mpishi mwenziwe hata mmoja analipwa nini. Alikuwa akiwasomesha watoto wa marehemu dada yake, na mkataba ule ulikuwa wa miaka mitatu. Akikosea Jumatatu, amekosea kwa miaka mitatu.

Nilimkuta kibarazani kwake akiondoa kawa juu ya sinia lililotoka kwa jirani, kile kifuniko cha ukili cha kufunikia chakula. Chini yake mlikuwa na mkate wa kumimina. Nikatazama lile kawa, na hapo ndipo akili iliyoniletea stashahada ikafanya kazi. Kila siku masinia yanapita katika vichochoro vya Amu, yamefunikwa, na hakuna anayeuliza ndani mna nini. Si adabu. Aliyetuma anajua, aliyepokea anajua, basi.

"Bi Mwanaisha," nikasema, "niazime sinia lako na kawa lake."

"Wataka pika nini, bwana?"

"Nataka kupika mishahara."

Akanitazama kama mtu anayepima homa ya mwenziwe, lakini akanipa.

Nikaliweka sinia ndani ya chumba cha chama, kawa juu. Mwanachama anaingia peke yake, anaandika kazi yake na malipo yake ya mwaka mzima, pamoja na miezi ya kufungwa, hatii jina, anakunja, anasukuma chini ya kawa, anatoka. Nilimtaka Bwana Aboud asimame mbele ya wote aape kwamba ada itabaki moja kwa wote. Akaapa, na watu wakamwamini, kwa sababu ile ile iliyowafanya wamwogope mara ya kwanza. Kwa wale wa Pate nikapanda boti mpaka Mtangawanda, sinia mapajani. Abiria mmoja aliniuliza nampelekea nani biriani.

Safari hii watu walisema kweli. Mtajuaje? Mtajua kwa sababu wanaofanya kazi moja waliangukia karibu karibu, na hakuna aliyestahili zaka. Tena sikujumlisha na kugawanya kama wafanyavyo wengi. Ukifanya hivyo, mpishi mmoja wa nyumba ya kifalme anawapandisha wote kwa uongo. Wapangeni mstari kuanzia wa chini hadi wa juu, mmchukue yule wa katikati. Huyo ndiye anayekwambia wenzio wako wapi.

Kazi ikaisha Alhamisi. Ijumaa baada ya swala kamati ikakaa, na Bwana Aboud akatoa hoja yake kwamba matokeo yauzwe. Mwanachama anunue, asiye mwanachama anunue kwa bei ya juu.

Msidhani Aboud alikuwa mjinga. Alisema maneno yenye uzito. "Boti ya Mtangawanda haiendi kwa bismillahi peke yake. Karatasi, chumba, chai, vyote vimelipwa. Mwaka ujao tutafanya tena kwa nini? Na kitu cha bure, Bwana Omari, wakijua watu wetu ni cha bure watakifungia sambusa. Mtu akikinunua atakisoma."

"Tunamuuzia nini?" nikamuuliza. "Ametupa mwenyewe."

"Mkulima humpa mwenye kinu nazi, na mafuta hununua."

Hilo lilinichoma kidogo, kwa sababu lilikuwa zuri. Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Nikajibu kwamba mwenye kinu hukamua nazi za mtu mmoja mmoja, ila hapa tumekamua siri, na siri haina bei ya sokoni. Nikasema pia kwamba tukiweka bei, atakayenunua kwanza si mpishi. Ni tajiri. Tajiri hashindwi na bei. Atakaa Jumatatu mezani akijua yote, na mpishi wetu atakaa mbele yake akijua "alhamdulillah, twala." Tutakuwa tumemkusanyia tajiri silaha kutoka kwa watu wetu, kisha tukampa risiti.

"Tajiri gani huyo?" akauliza mjumbe mmoja.

Aboud, ambaye hawezi kuficha, akasema, "Wameshaulizia wawili. Mmoja wa Ras Kitau."

Sikuwa na haja ya kuuliza nyumba gani. Lakini kamati ilikuwa imeinamia upande wa Aboud, nami nilihesabu vichwa nikaona nitashindwa. Tukakubaliana wanachama wenyewe wapige kura kesho yake, Jumamosi alasiri. Kama bei ingepita, uuzaji ungeanza baada ya wiki. Jumatatu ya Bi Mwanaisha ingekuwa imeshapita.

Mnaweza kuuliza, si ningemnong'oneza tu? Nilikuwa nayajua yote. Ningeweza, na yeye hakuniomba, kwa sababu ni mtu wa heshima. Tulikuwa tumewaahidi watu kwamba kilicho chini ya kawa ni cha chama, na katibu anayempa mmoja kisirisiri leo, kesho hakuna atakayemwekea kitu chini ya kawa. Nililala vibaya.

Jumamosi chumba kilijaa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, na ilikuwa hotuba nzuri, mke wangu alinisikiliza nikiisoma mara nyingi akasema imetosha. Sikupata kuimaliza. Nilikuwa bado kwenye utangulizi Bi Mwanaisha alipoingia. Alikuwa amechelewa boti ya kuvukia. Akasimama mlangoni na buibui lake, akasema, "Samahanini. Bwana Omari, nimekuya tukua sinia langu. Kesho nna wageni."

Sinia lilikuwa palepale mezani, kawa juu yake. Watu wakampisha. Akafika, akainua kawa, akatazama ndani. Hamna kitu. Akaligeuza sinia upande wa pili kama mtu anayetafuta ufa.

"Hili sinia," akasema, si kwa sauti kubwa, "lilikuwa la mama. Lapita nyumba zote za Langoni. Hata mwaka wa ndaa lilikuwa lirudi na chumvi, au limau moya. Halikurudi tupu hata siku moya." Akafunika kawa. "Leo limerudi tupu kutoka kwa chama."

Mnajua jambo hili lilivyo kwetu. Chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, hata kama ndani utatia kiganja cha sukari. Kila aliyekuwa chumbani aliwahi kukimbizwa na mamake arudi na bakuli la watu, "rudi utie kitu, watasemaje?" Mimi mwenyewe hoja ile nilikuwa nayo ukurasa wa tatu wa hotuba yangu, kwa maneno marefu zaidi.

Nahodha Athman, ambaye alikuja kwa ajili ya kucheka tu, akainua mkono. "Bwana Aboud, mimi nilitia kitu humo. Sasa nikitaka changu niambiwe bei? Kwetu Pate mtu akikufanyia hayo humpi tena hata moto wa kuwashia jiko."

Aboud akawa mwekundu. "Na boti alolipa ni nani?" akauliza, lakini kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Nikampa mlango. Nilisema ada ya chama ndiyo kazi yake hii. Ikiwa haitoshi kulipia boti, iongezwe kidogo kwa wote, wazi, na si kumnyima mtu chake mpaka alipe. Aliyetia chini ya kawa ameshalipa, na apewe. Asiyetia na anataka kuona, huyo alipe, maana amekuja karamuni mikono mitupu. Na tajiri anayetaka kujua, alipe zaidi, tena alete kwanza yeye mwenyewe anachowalipa watu wake, chini ya kawa lilelile.

"Tajiri hatakubali," akasema mmoja.

"Basi akae kipofu," akasema Athman. "Zamu yake."

Kura ikapita kwa mikono mingi, na mkono wa Aboud ulikuwa mmojawapo. Ndiye aliyechukua kipande cha karatasi kilichokuwa na matokeo ya wapishi, akakikunja, akakitia chini ya kawa, akamkabidhi Bi Mwanaisha sinia kwa mikono miwili. "Bi, tuwie radhi," akasema. Ndio maana nawaambia Aboud ni mtu mwaminifu kuliko wote.

Jumatatu Bi Mwanaisha alivuka. Alinisimulia baadaye. Tajiri mpya alitaja mshahara wa mwezi, na kweli ulikuwa mzuri kidogo kuliko wa zamani, wa kumfanya mtu atoe mkono haraka. Bi Mwanaisha hakutoa mkono. Aliuliza tu, "Na mvua ikinyesha mkafunga?" Tajiri akasema miezi ile hakuna kazi. "Wenzangu wa nyumba kama hii hulipwa nusu," akasema, "na boti hulipiwa." Akanyamaza, akatazama bahari. Kunyamaza nako ni ufundi, vijana, msiudharau. Tajiri akaitisha kalamu, akaandika nusu, akaandika na boti.

Sasa mimi nilikuwa na deni. Kila mtu aliyeingia kile chumba alikuwa amenikopesha kitu ambacho hakumkopesha hata mkewe, na mimi si mtu wa kudaiwa. Nilirudi Amu kutoka Maskati sidaiwi na mtu, na sikukubali kufa nikidaiwa mishahara. Nikawaendea mmoja mmoja, mlango kwa mlango, nikamwambia kila mtu wenzake wa kazi yake wanasimama wapi. Mtaa wa Mkomani, Langoni, Shela, majiko ya Ras Kitau. Wengine walifurahi. Wengine waligundua wanalipwa zaidi kuliko wenzao, wakaniomba nisipite tena mtaa wao.

Wa mwisho walikuwa wa Pate, hata akabaki mmoja tu. Aboud alilipia boti bila kunung'unika. Niliposhuka Mtangawanda nikamkuta Nahodha Athman gatini akipakia magunia, watu wamejaa, wengine wanashuka, wengine wanangoja kupanda. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza manahodha wenzake wako wapi.

Akahesabu moyoni. Kisha akageukia gati zima, mikono kiunoni.

"Sikizani nyote," akasema. "Mimi Athman, kwa mwezi hulipwa..." Akataja. Wazi, kwa sauti ya mtu anayeita boti ya mbali. "Na nimeambiwa sasa hivi nastahili kudai zaidi, na kesho naenda kudai."

Mama mmoja aliyekuwa na kuku kwapani akasema astaghfirullah, akatazama kando. Mzee mmoja akavuta kofia mpaka usoni, kama aliyemwona mtu akioga. Hakuna aliyejua pa kuweka macho.

Nami nilikuwa nimemlipa mdai wangu wa mwisho, na nilikuwa na siku nzima mbele yangu.

"Bwana Athman," nikasema, "yule punda yuko wapi? Nimepata nafasi ya kumfundisha."